Miongozo ya sheria za kazi inayouzwa kwa waajiri: ipi inasaidia kesi ikiwa nyeti?

Mwajiri anayetafuta msaada wa sheria za kazi hukutana na bidhaa za aina tatu. Kuna kifurushi cha nyaraka: sera, fomu na barua za violezo ambazo kazi yako ni kujaza majina na tarehe. Kuna huduma ya simu unayoilipia kwa mwezi au kwa mwaka, unapiga na mshauri anakujibu. Halafu kuna mchunguzi wa nje, anayekodiwa kwa kesi moja. Wauzaji wa zote tatu husema zinakukinga dhidi ya kushtakiwa.

Uhakiki huu umezipima kwa swali moja: zinamwambia nini mwajiri katika siku mbili za mwanzo, kabla ukweli haujajulikana? Mfanyakazi ameingia ofisi ya utumishi na kusema msimamizi wake anamshikashika. Au daktari ameandika mtu apumzishwe wiki sita na hakutaja ugonjwa. Au fedha zimepungua na jina la mhasibu limeshaanza kunong'onwa. Kesi nyingi za waajiri huharibikia hapo. Kikao cha nidhamu kinapokuja kuitishwa, kosa limeshafanyika, na mara nyingi liko kwenye barua yenye saini na muhuri wa kampuni.

Kifurushi cha nyaraka

Hiki ndicho kinachonunuliwa zaidi, kwa hiyo ndicho kinachostahili kukaguliwa kwa makini zaidi. Anza na ukurasa wa tafsiri kwenye sera ya unyanyasaji, maana hapo utajua kama kifurushi kimehuishwa au kimeachwa kilivyokuwa. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unatambua kwamba tukio moja linaweza kuwa ukatili au unyanyasaji. Si lazima lijirudie. Tena hauishii kwenye jengo la ofisi: unagusa mahali pa kulipiwa mshahara, pa kula na kupumzika, vyooni, safari za kikazi, mafunzo, hafla zinazohusiana na kazi, makazi yanayotolewa na mwajiri, njia ya kwenda na kurudi kazini, na ujumbe wa simu na mtandao. Sera inayosema "vitendo vya kujirudia vinavyofanyika eneo la kazi" imebaki nyuma. Hata kama nchi yako haijaridhia mkataba huo, tafsiri hiyo finyu inakuacha huna la kushika siku msimamizi atakapotuma picha chafu saa nne usiku kwa simu yake binafsi.

Kisha tazama mlango wa kupokelea malalamiko. Vifurushi vya bei nafuu huandika "mfanyakazi atawasilisha malalamiko kwa msimamizi wake wa karibu" na kuishia hapo. Lakini katika unyanyasaji wa kijinsia anayelalamikiwa mara nyingi ndiye huyohuyo msimamizi. Sera inayofaa inatoa milango miwili kwa uchache, iliyo katika idara tofauti, na inaeleza wazi nani anapokea pale mlalamikiwa anapokuwa mkurugenzi mwenyewe: mjumbe wa bodi, au mtu wa nje aliyekwisha kuteuliwa kabla ya tatizo kutokea. Kifurushi kisicho na jibu la swali hili la mwisho hakijafikiria kesi ngumu hata moja.

Sentensi nyingine ya kukagua ni ile ya siri. "Malalamiko yako yatabaki siri kabisa" ni ahadi isiyoweza kutimizwa, kwa kuwa mlalamikiwa ana haki ya kujua anatuhumiwa nini ili ajitetee. Ukiahidi hivyo unamvunjia mmoja wao haki, na aliyeahidiwa ndiye atakayesimama mbele ya baraza la usuluhishi kueleza alivyodanganywa. Maneno sahihi ni kwamba taarifa zitawafikia wale tu wanaozihitaji ili kuyashughulikia malalamiko. Kifurushi kizuri kinaongeza aya kuhusu mtu anayesema "nimekuambia tu, sitaki hatua yoyote". Hapo mwajiri ameshajua, na wajibu wa usalama kazini umeshaanza. Anachoweza kufanya ni kumsikiliza kuhusu namna ya kuendelea, kumweleza kwamba huenda suala lisiishie hapo, na kuandika kumbukumbu ya mazungumzo siku hiyohiyo.

Sasa barua ya kusimamishwa kupisha uchunguzi. Hapa vifurushi vingi vinaanguka vibaya. Kiolezo cha kawaida huanza hivi: "Kutokana na kitendo chako cha kumnyanyasa mfanyakazi mwenzako, uongozi umeamua kukusimamisha kazi ili kupisha uchunguzi." Isome polepole. "Kitendo chako" ni hukumu tayari. Uchunguzi uliotajwa mwishoni unaonekana ni wa kutafuta sababu za kuhalalisha kilichokwisha kuamuliwa, na wakili wa upande wa pili hatahitaji ushahidi mwingine kuonyesha kwamba mteja wake hakusikilizwa. Barua iliyo salama inasema: tumepokea malalamiko kwamba tarehe fulani, mahali fulani, ulifanya jambo fulani, malalamiko hayo hayajachunguzwa, kukaa kwako nje si adhabu. Halafu inataja sababu halisi ya kumweka nje, kwa mfano kwamba mashahidi watatu wanafanya kazi chini yake. Kama hakuna sababu ya namna hiyo, huenda hukuhitaji kumsimamisha hata kidogo. Kubadilisha zamu, au nani anaripoti kwa nani, kungetosha.

Barua hiyohiyo inapaswa kusema mshahara unaendelea (kumsimamisha bila malipo ni jambo la kufanya tu pale sheria na mkataba wa ajira vinaporuhusu waziwazi), kutaja tarehe ambayo uamuzi utapitiwa upya, siku kumi na nne kwa mfano, na kumpa jina la mtu wa kuwasiliana naye. Kisha kuna katazo ambalo karibu kila kiolezo hulibeba bila kufikiri: "Huruhusiwi kuwasiliana na mfanyakazi yeyote." Kwa maneno hayo umemzuia kutafuta mashahidi wake, na pengine umemzuia kuongea na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Andika kwamba asimwendee mlalamikaji na asishawishi mashahidi. Akitaka shahidi fulani aitwe, apitie kwa yule mtu aliyetajwa kwenye barua.

Kosa lililo kinyume chake halina hata kiolezo, na ndilo linaloumiza zaidi: kumhamisha mlalamikaji. Meneja mwenye nia njema humwambia akae tawi jingine "kwa usalama wako", akapoteza posho ya zamu, wateja aliowazoea na nafasi ya kupandishwa cheo. Mbele ya sheria hiyo inaweza kuhesabika kama kumlipizia kisasi kwa kulalamika, na kesi iliyokuwa dhidi ya msimamizi mmoja ikageuka kuwa dhidi ya kampuni nzima. Mlalamikaji ahamishwe akiomba mwenyewe, kwa maandishi, na asipungukiwe chochote.

Barua ya kutakiwa kujieleza nayo ikaguliwe. "Utovu wa nidhamu" peke yake si tuhuma inayojibika. Mtu hujibu tukio: siku, saa, mahali, alichofanya, na kanuni iliyovunjwa. Vielelezo viambatanishwe. Muda wa kujiandaa uwe wa kutosha. Baadhi ya nchi zimeweka saa 48 kuwa kima cha chini kabla ya kikao, lakini mhasibu anayetuhumiwa kwa miamala ya miezi minane hawezi kupitia leja zote kwa siku mbili, na kumbana kwa kima cha chini ni kujitafutia rufaa. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, umeweka msingi unaoonekana katika sheria za nchi nyingi: kuwe na sababu halali inayohusu uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake au mahitaji ya uendeshaji, na kwa tuhuma za mwenendo au utendaji apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa. Pendekezo Na. 166 linaloambatana nao linaongeza haki ya kusaidiwa na mtu mwingine anapojitetea. Linasema pia jambo ambalo vifurushi vingi vimelisahau: mwajiri aliyejua kosa na kukaa kimya kupita muda wa kuridhisha achukuliwe kuwa ameachia haki yake ya kumwachisha mtu kwa kosa hilo. Barua za mwaka jana zilizowekwa kabatini "tutakuja kuzitumia" hazina nguvu ambayo mameneja wanadhani zinayo.

Kuhusu sera zinazojigamba kwamba "hatuvumilii hata kidogo, adhabu ni kufukuzwa": zinapendeza ukutani, ila zinamfunga mikono anayeamua. Baraza litauliza kama adhabu ililingana na kosa, na jibu kwamba "sera haikutuachia nafasi" linaonyesha hakuna aliyepima. Iandikwe kwamba adhabu inaweza kufikia kuachishwa kazi.

Fomu za afya ndizo dhaifu kuliko zote. Nyingi zina mstari mmoja: "Naruhusu mwajiri kupata taarifa zangu zote za kiafya." Mwajiri hahitaji taarifa zote, na akizipata zinakuwa mzigo, kwa sababu kila uamuzi atakaoufanya baadaye utadaiwa umetokana na ugonjwa alioujua. Anachohitaji kwa daktari ni majibu ya maswali manne: kazi zipi anaweza kuzifanya sasa, zipi hawezi, kwa muda gani, na marekebisho gani yatamwezesha. Jina la ugonjwa halimo. Karatasi hizo zikae kwenye jalada la peke yake, mbali na jalada la kawaida la ajira, na msimamizi aambiwe tu kwamba fulani hatainua mizigo hadi tarehe fulani. Kwa VVU, Pendekezo Na. 200 la shirika hilohilo, la mwaka 2010, liko wazi: mfanyakazi asilazimishwe kupima wala kutaja hali yake. Mkataba Na. 158 unasema kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au kuumia si sababu halali ya kumwachisha mtu, na ujauzito nao umo katika orodha yake ya sababu zisizokubalika. Ukikuta kiolezo cha usaili chenye kisanduku cha "Je, una mpango wa kuzaa hivi karibuni?", rudisha kifurushi kizima.

Kwa ujumla kifurushi cha nyaraka kinafaa kununuliwa kwa ajili ya sera na fomu za kumbukumbu. Barua zake zote za tuhuma ziandikwe upya.

Simu ya ushauri

Faida yake ni kasi. Saa mbili asubuhi mtu amekataa kuondoka ofisini, saa mbili na nusu una mtu wa kukuambia usimguse na usimwite polisi kwa hasira. Kwa mwajiri mdogo asiye na ofisa utumishi, hilo peke yake linaweza kulipia ada ya mwaka.

Ubora wa jibu, hata hivyo, unategemea alichoulizwa aliyepiga. Njia ya kumpima mshauri ni kusikiliza maswali yake kabla ya ushauri wake. Akianza na "ana muda gani kazini?" na kuishia hapo, anatafuta njia fupi ya kumwondoa mtu. Mshauri anayejua kazi atauliza: je, ni mjamzito au ametoka likizo ya uzazi? Yuko likizo ya ugonjwa? Ni kiongozi au mwanachama wa chama cha wafanyakazi? Amewahi kulalamika juu ya mshahara, usalama au unyanyasaji? Hizo ndizo hali zinazogeuza uachishaji wa kawaida kuwa kesi nzito. Kisha atauliza swali ambalo waajiri hulichukia: nani mwingine aliwahi kufanya kosa hilihili, na alipewa adhabu gani? Kama mwaka juzi meneja wa mauzo alipewa onyo kwa lile ambalo leo dereva anafukuziwa, ni vyema ulijue kwenye simu kuliko mbele ya msuluhishi.

Kabla ya kupiga, uwe na mkataba wa ajira mkononi, tarehe ya kuanza kazi, maonyo yaliyomo kwenye jalada na tarehe yalipotolewa, pamoja na orodha fupi ya matukio kwa tarehe. Baada ya simu, omba ushauri kwa maandishi na namba ya kumbukumbu. Huduma isiyotuma muhtasari wa maandishi haifai kwa kesi nyeti, kwa kuwa baada ya miezi mitatu hakuna atakayekumbuka nani alisema nini.

Mambo mawili yamejificha kwenye mkataba wa huduma. La kwanza ni nani anayekujibu. Katika nchi nyingi mawasiliano na wakili yanalindwa na upande wa pili hauwezi kudai kuyaona. Mawasiliano na mshauri asiye wakili huenda hayana ulinzi huo. Ukimwandikia "tunataka kumtoa huyu mama kabla hajajifungua, tufanyeje", barua pepe hiyo inaweza kuletwa siku moja kama kielelezo. (Usiandike maneno hayo popote. Usiyawaze pia.) La pili ni bima. Baadhi ya huduma huambatana na bima ya gharama za kesi, lakini kwa masharti: ufuate ushauri wao hatua kwa hatua, uombe idhini kabla ya kuachisha, na mara nyingi kesi yako iwe na nafasi ya kushinda inayozidi nusu. Ukimfukuza mtu Ijumaa jioni na kupiga simu Jumatatu, bima hiyo huna.

Kuna na programu za kompyuta zinazojibu maswali ya sheria za kazi. Zinafaa kupanga mawazo na kutengeneza orodha ya matukio. Hazifai kubandikiwa maelezo ya mlalamikaji yenye jina lake, cheo chake na kilichompata. Hizo ni taarifa binafsi, na ukishazituma huna uhakika zimehifadhiwa wapi. Vifungu vya sheria zinavyovitaja vihakikiwe kimoja kimoja kwenye sheria yenyewe.

Mchunguzi wa nje

Ndiye ghali kuliko wote na ndiye anayehitajika mara chache. Lakini mlalamikiwa akiwa mkurugenzi, au ofisa utumishi mwenyewe akiwa shahidi, hakuna mbadala.

Kila kitu kinasimama juu ya hadidu za rejea, yaani maandishi yanayosema anatumwa kuchunguza nini na kwa mipaka ipi. Ziandike wewe na wakili wako, na ziwe na tuhuma zilizoorodheshwa moja moja. "Chunguza hali ya mahusiano idara ya fedha" si hadidu. Ni kumtuma mtu akavue chochote, na atakuletea kurasa sitini za minong'ono. Eleza kipimo cha uthibitisho: katika masuala ya kazi, kwa kawaida ni kipi kina uwezekano mkubwa zaidi kuwa kilitokea, si kile cha kesi ya jinai cha kuondoa shaka yote ya msingi. Eleza pia kwamba anatakiwa kusema kilichotokea; adhabu ataiamua mtu mwingine, na rufaa ataisikiliza mtu wa tatu ambaye hakugusa hatua za nyuma. Kampuni ndogo yenye wakubwa wawili ipange hili mapema, vinginevyo mkubwa mmoja atajikuta ndiye mpokea malalamiko, mchunguzi na hakimu.

Mpango wa mahojiano unaonyesha kama umempata mtu mwenye uzoefu. Huanza na mlalamikaji, kisha mashahidi, kisha mlalamikiwa akiwa na tuhuma zote mezani, halafu hurudi kwa mlalamikaji kumuuliza juu ya yale ambayo mlalamikiwa ameyasema. Mzunguko huo wa mwisho ndio wachunguzi wa haraka huuruka, na ripoti inabaki na maelezo mawili yaliyopishana bila mtu kuyakutanisha. Wanaohoji wawe wawili chumbani, mmoja akiuliza na mwingine akiandika. Maswali yawe ya wazi: "Baada ya hapo ikawaje?" na si "Alikushika kiunoni, siyo?" Kila ukurasa wa maelezo usainiwe na aliyeyatoa.

Ushahidi wa mitambo haungoji mchunguzi, kwa hiyo mwajiri auhifadhi siku ya kwanza. Picha za kamera hufutwa na mfumo wenyewe baada ya siku au wiki chache. Agiza zinakiliwe leo. Chukua daftari la getini, rejesta ya mahudhurio na ratiba ya zamu. Ujumbe wa simu upigwe picha kwenye simu iliyoupokea, ukionyesha namba, tarehe na ujumbe wa kabla na wa baada, maana sentensi moja iliyokatwa peke yake hubishaniwa hadi mwisho. Usichukue simu binafsi ya mtu bila ridhaa yake.

Tahadhari moja kubwa: usimtumie wakili atakayekutetea mahakamani kuwa mchunguzi. Akishahoji watu amekuwa shahidi, na huenda akalazimika kujitoa kwenye utetezi wakati unamhitaji kuliko siku zote. Omba pia ripoti ya matoleo mawili, kamili kwa anayeamua, na muhtasari kwa pande mbili usiofichua majina ya mashahidi pasipo haja. Mlalamikaji aambiwe matokeo. Si lazima ajue adhabu kwa undani, lakini kumwacha miezi bila neno ndiko kunakowapeleka wengi mahakamani hata pale uchunguzi ulipofanyika vizuri.

Mlalamikiwa akiandika barua ya kuacha kazi katikati ya uchunguzi, wachunguzi wengi hufunga jalada. Katika mkataba wa huduma weka kwamba kazi itamalizwa. Mlalamikaji bado yupo, mashahidi bado wapo, na huenda waliojua wakanyamaza nao wapo.

Kabla ya kulipia chochote kati ya hivi, muulize muuzaji swali la majalada: kumbukumbu za malalamiko yasiyothibitika zinatunzwa wapi, na nani, kwa muda gani? Onyo lina muda wake wa kuisha, maelezo ya afya yana sheria zake za faragha, na tuhuma isiyothibitika haitakiwi kumfuata mtu kwenye barua ya kumtambulisha kwa mwajiri mwingine. Anayeuza mwongozo mzuri atakuonyesha jedwali lenye aina ya karatasi, mahali pa kuitunza, wanaoruhusiwa kuiona na tarehe ya kuiteketeza. Asiye nalo, apunguze bei au umwache.